Sifuri ya benzini: uwiano wa trilioni 25 uliozaliwa ndani ya kompyuta

Tasnifu ya uzamili iliyokuwa ikiandaliwa katika chuo kimoja jijini Arusha ilikuwa na sura moja ya hesabu. Swali la sura hiyo lilikuwa jepesi kulitamka: molekuli moja ya benzini, pete ya kaboni sita, ikibanwa kati ya ncha mbili za dhahabu, umeme unapita kwa kiasi gani ncha zikishika nafasi za para, yaani kaboni ya 1 na ya 4, na kwa kiasi gani zikishika nafasi za meta, yaani ya 1 na ya 3?

Sura ikatoa majibu matatu. Jedwali lilisema para hupitisha mara milioni 6.2 kuliko meta. Ikisiri ilisema mara trilioni 25. Kiambatisho, kilichoongezwa baada ya msimamizi kutaka hesabu irudiwe, kilisema mara milioni 25. Molekuli ni ileile, kompyuta mpakato ni ileile, na fomula hazikuguswa. Ikisiri ilikuwa imeshapendekeza benzini ya meta iwe msingi wa swichi ya molekuli moja, kwa kutegemea ile namba kubwa kuliko zote.

Namba zote tatu hazifai, na zote zimezaliwa na kosa moja. Kosa lenyewe ni la kawaida sana kwa anayeanza kazi hii, na halionekani kwenye grafu, kwa sababu grafu inatoka nzuri.

Tuanze na modeli. Kila kaboni ya benzini inatoa obiti moja ya pai, yaani nafasi ya elektroni iliyo juu na chini ya bapa la pete. Nishati ya kaboni inawekwa kuwa sifuri, na bondi kati ya majirani inapewa β = −2.5 eV (elektronivolti). Hapo unapata matriki H ya 6 kwa 6 yenye β kwenye nafasi za majirani na sifuri kwingineko. Usisahau bondi ya 6 na 1 inayofunga pete. Nishati za obiti zinatoka −5, −2.5, −2.5, 2.5, 2.5 na 5 eV, kwa hiyo pengo kati ya obiti zilizojaa na zilizo tupu ni 5 eV na katikati yake ni sifuri. Dhahabu inawakilishwa kwa kuongeza −iΓ/2, inayoitwa Σ, kwenye kaboni mbili zilizoshikwa; Γ ni nguvu ya mshiko wa dhahabu, na mwanafunzi alitumia Γ = 0.5 eV. Kisha matriki E − H − Σ, E ikiwa nishati ya elektroni, inapinduliwa ili kupata fanksheni ya Green, G, na uwezekano wa elektroni kupenya ni T = Γ²|G|², ambapo G ni ile ya kutoka kaboni iliyoshikwa upande mmoja hadi iliyoshikwa upande wa pili. Kwa fomula ya Landauer, upitishaji ni T mara 2e²/h, yaani T mara 77.5 mikrosimensi. Kwenye Python kazi hii haizidi mistari thelathini.

Katikati ya pengo jibu linaweza kuhakikiwa kwa kalamu. Kinyume cha matriki H ya benzini kina 1/(2β) kwa majirani, sifuri kwa meta, na −1/(2β) kwa para. Zidisha mstari kwa safu uone: inarudi matriki ya kizio. Kwa hiyo kwa para |G| ni 0.2 kwa eV, na T inatoka 0.00995. Hiyo ni sawa na mikrosimensi 0.77, au ukinzani wa megaomu 1.3. Si namba ya ajabu. Benzini yenye vikundi vya amini (NH₂) kwenye nafasi za para ilishapimwa kwa ncha za dhahabu, na thamani iliyochapishwa mwaka 2006 ni takriban 0.0064 ya 2e²/h. Modeli ya obiti sita ikikaribia kipimo kiasi hicho, kwa upande wa para inastahili kuaminiwa.

Kwa meta, T ni sifuri kamili, na sifuri hiyo ndiyo iliyoleta matatizo.

Toleo la kwanza la programu lilipima nishati kutoka −4 hadi 4 eV kwa nukta 2,000. Idadi ikiwa shufwa, hakuna nukta inayotua kwenye sifuri. Zilizo karibu zaidi ni −0.002 na 0.002 eV. Hapo T ya meta ni 1.6 × 10⁻⁹, na ndipo ilipotoka milioni 6.2 ya jedwali. Baadaye umeme ulikatika, faili likapotea, programu ikaandikwa upya kwa nukta 2,001. Safari hii hatua ikawa 0.004 eV kamili, na nukta moja ikatua juu ya sifuri yenyewe. Lakini nukta nyingine zikatua juu ya 2.5 na −2.5 eV, na hapo para ikagoma: mara programu inakataa kupindua matriki, mara inatoa namba kubwa zisizo na maana. Sababu yake ni halali kabisa. Benzini ina obiti mbili kwenye 2.5 eV, na mojawapo haina kitu chochote kwenye kaboni ya 1 wala ya 4. Dhahabu haiigusi, basi matriki inakosa kinyume palepale.

Dawa aliyoitumia ndiyo inayoshauriwa kila mahali: ongeza kiasi kidogo cha namba ya kufikirika (ile ya i) kwenye nishati, E + iη. Aliweka η = 10⁻⁶ eV. Para ikatulia. Meta nayo haikuwa sifuri tena, ikawa 4 × 10⁻¹⁶, logarithimu ikachoreka bila malalamiko, na uwiano ukawa trilioni 25. Msimamizi alipotaka η iongezwe hadi 10⁻³ ili mistari ilainike, T ya meta ikapanda hadi 4 × 10⁻¹⁰ na uwiano ukashuka hadi milioni 25.

Sasa tazama kitu ambacho sura ile haikukiona. Kwa benzini, uwiano wa G ya para kwa G ya meta ni 2β/E, wala hauhitaji kompyuta. Uwiano wa T ni mraba wake, yaani (5/E)² ukiandika E kwa eV, ukiacha masahihisho madogo ya Γ. Weka 0.002: unapata milioni 6.25. Weka η ya 10⁻⁶ mahali pa E: trilioni 25. Weka 10⁻³: milioni 25. Namba zote tatu hizo hapo. Programu haikupima benzini. Ilimrudishia mwandishi namba aliyoiweka mwenyewe, mara moja kupitia idadi ya nukta na mara mbili kupitia η. Ukibadilisha η mara elfu na jibu likabadilika mara milioni, jibu hilo ni la η.

Kuna njia ya haraka ya kuuona upuuzi wa trilioni 25 kabla ya hesabu yoyote ya ziada. Kwa volti 0.1, para ingepitisha nanoampia 77, ambazo ni elektroni kama bilioni 480 kwa sekunde. Meta yenye T ya 4 × 10⁻¹⁶ ingepitisha elektroni moja kila sekunde 52. Hakuna kipaza mkondo kitakachoitofautisha na kimya. Zoezi la kugeuza T kuwa elektroni kwa sekunde lingefaa liwe la lazima kwa kila tasnifu ya aina hii. Ni dakika mbili, na lingeizuia ikisiri ile isiandikwe.

Kabla ya kufika kwenye namba inayofaa, kuna kosa la pili katika rasimu, na hili ni la maelezo. Sura ilieleza sifuri ya meta kwa mfano unaotumika sana: wimbi la elektroni linagawanyika kwenye mikono miwili ya pete, mmoja wa bondi mbili na mwingine wa bondi nne, na mikono inapokutana mawimbi yanafutana. Picha iliyochorwa ilikuwa ya mawe mawili yaliyotupwa Ziwa Duluti, viwimbi vikikutana na maji yakabaki yametulia katika baadhi ya sehemu. Ni picha nzuri, na kwa maji ni kweli. Kwa benzini inapotosha, na ushahidi ulikuwa tayari kwenye kumbukumbu za mwanafunzi mwenyewe.

Katika jaribio lake la awali kabisa alikuwa amesahau bondi ya 6 na 1. Alilitambua kosa kwa sababu T ya para ilitoka 0.039 badala ya 0.00995, akalisahihisha na kuendelea. Hakujiuliza kwa nini meta ilitoka sifuri hata katika jaribio lile bovu. Bila bondi ile hakuna pete. Kuna mnyororo wa kaboni sita, na kutoka ya 1 hadi ya 3 kuna njia moja tu, kupitia ya 2. Kaboni za 4, 5 na 6 zinaning'inia pembeni kama mkia. Hakuna wimbi la pili la kukutana nalo, na bado sifuri ipo.

Maelezo yanayosimama ni haya. Weka nyota kwenye kaboni moja, ruka jirani, weka nyota inayofuata, mpaka pete iishe. Kwenye benzini nyota zinakaa 1, 3 na 5. Hidrokaboni inayokubali kuwekwa nyota hivyo bila nyota mbili kugusana ina obiti zilizopangika kwa jozi, moja chini ya katikati ya pengo na mwenzake juu kwa umbali uleule, kama Coulson na Rushbrooke walivyoonyesha mwaka 1940. Kati ya obiti mbili za jozi, namba zinazoonyesha sehemu ya obiti iliyoko kwenye kila kaboni ni zilezile kwa kaboni zenye nyota, na kwa zisizo na nyota zinageuka ishara. Ukishika kaboni mbili zenye nyota zote, mchango wa obiti iliyojaa na mchango wa mwenzake iliyo tupu vinatoka na ukubwa sawa na ishara zinazopingana, vinafutana katikati kabisa. Ukishika moja yenye nyota na moja isiyo nayo, vinajumlishana. Kinachofutana ni michango ya obiti, na mikono ya pete haihusiki. Ndiyo maana mnyororo wenye mkia nao unafuta. Sharti ni moja tu: molekuli isiwe na obiti iliyokaa kwenye sifuri yenyewe.

Picha ya Duluti inaweza kubaki ikiwa mwandishi anataka kueleza neno mwingiliano kwa msomaji mgeni. Isitumike kutabiri.

Turudi kwenye namba. Mtu akiuliza uwiano wa para kwa meta ni ngapi, jibu halimo ndani ya sifuri bali pembeni yake, na linategemea mambo ambayo rasimu haikuyagusa. Karibu na sifuri T ya meta ni 4 × 10⁻⁴ mara E², E ikiwa kwa eV. Joto la chumba la nyuzi 22 linafanya elektroni za dhahabu zitawanyike kuzunguka kiwango cha Fermi, yaani nishati ambayo elektroni za dhahabu hujaa kufikia hapo, na wastani wa E² kwa joto hilo ni π²/3 mara (kT)², yaani eV² 0.0021; kT hapa ni nishati ya joto, wala si T ya kupenya. Volti 0.1 zinaongeza V²/12, yaani 0.0008. Jumla inazaa T ya 1.2 × 10⁻⁶. Uwiano unaporomoka hadi kama 8,400, hata tukikubali kwamba kiwango cha Fermi kimekaa katikati ya pengo bila kuteleza. Mkondo unaolingana nao ni pikoampia 9, na hizo zinapimika kwa kipaza mkondo chenye kinga nzuri dhidi ya kelele.

Lakini kiwango cha Fermi hakikai katikati kwa kupenda kwetu. Kikundi kinachoishika dhahabu ndicho kinachokisogeza: amini huvuta obiti zilizojaa zikaribie kiwango cha Fermi, piridini, pete yenye nitrojeni, huvuta zilizo tupu. Kwa fomula ileile ya (5/E)², kikisogea 0.1 eV uwiano ni 2,500. Kikisogea 0.5 eV ni 100, na T ya meta inakuwa 1.1 × 10⁻⁴. Kikisogea eV nzima, uwiano ni 25. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, na kwa maoni yetu ndilo lililostahili kuwa kichwa cha sura: swali la msingi ni kiwango cha Fermi kiko umbali gani kutoka kwenye sifuri ya meta, wala si kina cha sifuri hiyo. Anayeripoti uwiano bila kutaja umbali huo hajaripoti kitu.

Kisha kuna njia nyingine za umeme ambazo obiti sita za pai hazizijui. Bondi za sigma, zile zinazoshika kiunzi cha molekuli, nazo zinapitisha kidogo. Zikipita kwenye mkondo wao wenyewe bila kuchanganyika na pai, T yake inajumlishwa juu na kuwa sakafu: tuseme sakafu ni 10⁻⁵, basi uwiano hauwezi kuvuka 1,000 hata joto likiondolewa. Zikichanganyika, kinachojumlishwa ni G kwa G kabla ya kupiga mraba, na sifuri haizibwi bali inahama. Kwa β ya hapa, G ya ziada ya 0.004 kwa eV inaihamisha kwa 0.1 eV. Wanaoanza hujumlisha T siku zote, na kwa kufanya hivyo wanaiziba sifuri ambayo kwa kweli imehamia jirani.

Na dhahabu inaweza kuipita molekuli kabisa. Kaboni za meta zimeachana nanomita 0.24, za para 0.28. Ncha mbili zilizokaribiana hivyo huvujishiana elektroni moja kwa moja, na uvujaji huo hupungua karibu mara kumi kwa kila nanomita 0.1 inayoongezeka. Kwa molekuli fupi kama benzini, uvujaji wa kiasi cha 10⁻⁶ haukwepeki. Kwa hiyo pendekezo la kuipima benzini ya meta yenyewe lifutwe, na mahali pake iwekwe molekuli ndefu yenye pete ya meta katikati na pete nyingine kila upande.

Hapo ndipo mtego wa mwisho ulipo, na rasimu ilikuwa imeshaanza kuukanyaga iliposema kwamba "kutoonekana kwa kilele katika vipimo vya meta kutathibitisha mwingiliano". Kipimo cha aina hii huvuta ncha za dhahabu mpaka zikatike, mara maelfu, na kuhesabu ni upitishaji upi unajirudia; unaojirudia huonekana kama kilele kwenye chati. Kilele kikikosekana, huenda molekuli ipo na imezima. Huenda pia molekuli haikushika kabisa, au imeshika na mkondo wake uko chini ya kelele ya kifaa. Mwaka 2012 kikundi cha Columbia University kilipima upitishaji na nguvu ya kuvuta kwa wakati mmoja kwenye molekuli za stilbini, yaani pete mbili za benzini zilizounganishwa kwa kaboni mbili. Ile ya meta haikuwa na kilele cha upitishaji, lakini nguvu ilionyesha bondi ikikatika, kwa hiyo molekuli ilikuwepo pale. Bila kipimo cha pili cha namna hiyo, kimya ni kimya tu.

Sura ilisahihishwa kwa hatua chache. Para inapimwa bila η, na nukta zinazotua juu ya ±2.5 eV zinasogezwa kwa 0.001 eV. Meta haihitaji η hata kidogo, kwa sababu obiti zake zote za ±2.5 eV zinaguswa na dhahabu angalau upande mmoja. Sifuri inachorwa kama sifuri, mhimili ukikatwa kwenye 10⁻⁸ na maelezo yakisema umekatwa. Uwiano unatolewa kama mstari dhidi ya nafasi ya kiwango cha Fermi, kutoka −1 hadi 1 eV, kwa nyuzi 22 na volti 0.1. Neno swichi liliondolewa kwenye ikisiri.

Kilichochukua nafasi yake kina thamani zaidi, kwa sababu kinaweza kukataliwa na maabara. Mwanafunzi alibadilisha kaboni moja ya pete ya meta kwa nitrojeni, nishati yake ikiwa −1.25 eV, yaani 0.5β, na bondi zikibaki zilezile. Dhahabu imeshika 1 na 3. Nitrojeni ikikaa nafasi ya 5, penye nyota, sifuri haisogei: inabaki katikati kamili. Ikikaa nafasi ya 4, isiyo na nyota, sifuri inashuka hadi −1.25 eV, pale ilipo nishati ya nitrojeni yenyewe, na T katikati ya pengo inapanda hadi 6 × 10⁻⁴. Ikikaa nafasi ya 2, kati ya mashiko mawili, T ya katikati ni hiyohiyo 6 × 10⁻⁴, lakini sifuri inatoka kabisa nje ya pengo, hadi karibu −3 eV. Kila moja ya hizo inahakikiwa kwa kalamu, kwa kutafuta mizizi ya mlinganyo wa daraja la tatu. Kwa nafasi ya 2, ukigawa nishati zote kwa 2.5, ni E³ − E + 0.5 = 0, na una mzizi halisi mmoja tu, −1.19.

Molekuli tatu zenye atomu zilezile, urefu uleule na vishikio vilevile, na utabiri kwamba moja itanyamaza na mbili zitasikika. Nafasi ya 5 ikisikika sawa na nafasi ya 2, maelezo ya nyota yameanguka kwa molekuli hizi, na sura imeshaandika hivyo kwenye aya yake ya mwisho.